Mwacheni Aage

Mama mmoja wa Kikoneni, Kwale, ameniletea swali ambalo najua si lake peke yake. Binti yake amemaliza Kidato cha Nne. Shuleni alikuwa mtu wa jukwaa. Kila msimu wa tamasha za maigizo ulipofika, mwalimu alimweka mbele. Sasa anataka kwenda Mombasa au Diani kujaribu bahati katika tamthilia za runinga zinazorekodiwa huku kwetu Pwani. Mjomba wa binti amekataa katakata. Amesema mwana wa dada yake hatauza sura mbele ya watu, na akienda asirudi. Binti amenyamaza, lakini mama ameona nguo zikipungua sandukuni, moja baada ya nyingine. Anauliza afanye nini: akimzuia atatoroka, akimruhusu atagombana na kaka yake.

Mayo, mama yangu, katika yote uliyonieleza, lililonishtua ni lile sanduku. Binti kutaka kuigiza ni jambo la kuketi na kuzungumza. Laweza kuwekewa masharti, likakubaliwa, likaahirishwa, hata likakataliwa kwa sababu zilizo wazi. Akishatoroka hakuna tena mazungumzo. Na watu wanaowinda mabinti wenye ndoto hii humtafuta hasa yule aliyetoka kwao bila kuaga, kwa kuwa wanajua hana wa kumpigia simu usiku. Kwa hiyo kabla ya kuamua aende au asiende, mwambie mwanao leo hii kwamba nguo umeziona, na kwamba hutaki aondoke kimya. Mwambie bila kumfokea.

Sasa nirudi kwa mjomba, maana simdharau. Kwa Wadigo neno la mjomba ni zito. Zamani hata mali ilirithiwa kwa upande wa mama, na pamoja na dini kubadilisha mengi, bado mambo makubwa ya binti hayakatwi bila mjomba kuketishwa. Hofu yake ina msingi pia. Amesikia habari za wasichana walioitwa odisheni kwenye nyumba za kukodi huko Diani, wakakuta hakuna kamera. Amesikia za walioombwa pesa za usajili na za walioombwa kitu kingine. Mtu akimpenda mpwa wake lazima aogope. Ninachotofautiana naye ni dawa aliyochagua. Anadhani hatari iko katika kazi yenyewe, katika kusimama mbele ya kamera. Mimi naiona hatari mahali pengine, na nitamtumia mwigizaji Mkenya ambaye dunia nzima inamjua kueleza ni wapi.

Mwaka 2011 Lupita Nyong'o alikuwa bado mwanafunzi wa uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Hakuwa na jina. Alikuwa amekutanishwa na Harvey Weinstein, mtayarishaji wa filamu ambaye siku hizo neno lake moja liliweza kumpa mtu kazi au kumfungia riziki. Miaka sita baadaye, Oktoba 2017, Lupita aliandika katika gazeti la New York Times yaliyompata. Natamani kila mzazi mwenye binti wa aina hii ayajue, maana ukiondoa majina ya miji, hayana ugeni wowote kwetu.

Alialikwa nyumbani kwa Weinstein, jimbo la Connecticut, kutazama filamu pamoja na familia. Kabla ya kufika wakapita hotelini kula. Lupita akaagiza juisi. Mwenyeji wake akamwamuru mhudumu alete pombe. Binti akakataa, mzee akashikilia. Pombe ikaletwa, ikawekwa mezani, naye akanywa maji. Walipofika nyumbani, filamu ikiwa ndiyo kwanza imeanza, mwenye nyumba akamwita kando, akamwongoza hadi chumbani kwake, akataka kumkanda mwili. Watoto wa mtu huyo walikuwamo humo humo nyumbani. Lupita akaingiwa na hofu, akawaza haraka, akajitolea amkande yeye, ili angalau ajue mikono ya yule mtu iko wapi. Mambo yalipozidi akaelekea mlangoni, akataka arudishwe chuoni.

Alipoalikwa tena, safari hii kwenye usomaji wa mchezo wa jukwaani, aliomba ruhusa ya kuja na wenzake. Akaja na marafiki wawili wa kiume. Siku hiyo hakusumbuliwa. Baadaye wakakutana mkahawani New York, akiwa peke yake, na mzee akamwambia kuna chumba cha faragha ghorofani, chakula wangemalizia huko. Akasema hapana. Akaelezwa kuwa wenye majina makubwa ndivyo walivyopanda. Akasema hapana tena, kwa adabu, akaondoka.

Tarehe 2 Machi 2014 huyo huyo alipanda jukwaani Los Angeles kupokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, kwa nafasi ya Patsey katika filamu ya Steve McQueen, 12 Years a Slave. Weinstein akamletea kazi baada ya hapo. Akaikataa, kwa sababu alikuwa amejiapia kutofanya naye kazi kamwe. Weinstein alikuja kutiwa hatiani New York mwaka 2020 na Los Angeles mwaka 2022. Hukumu ya New York ikafutwa mwaka 2024, kesi ikasikizwa upya mwaka 2025, akatiwa hatiani tena kwa shtaka moja. Mjomba ataona hapo jinsi sheria inavyokwenda mwendo mrefu. Binti aliye ndani ya chumba hawezi kuingojea.

Mtazame basi Lupita alivyojilinda kabla sheria haijafika. Alikunywa maji. Alikwenda na watu. Alikataa ghorofa. Haya yote sisi watu wa Pwani tulifundishwa na bibi zetu kabla ya runinga kuingia Kwale. Mwanamke na mwanamume wasio maharimu wasikae faragha. Msichana akitumwa mbali asindikizwe, hata kama ni na mdogo wake wa kiume. Kinachotolewa na mtu usiyemjua kisinywewe. Tumeyafanya mafundisho haya kuwa sababu ya kumweka binti jikoni, na hilo ni kuyapotosha. Bibi zetu walitembea. Walivuka kwenda Tanga arusini, walikesha ngomani, waliuza bidhaa zao minadani. Sharti lilikuwa juu ya nani yuko naye, na mlango uko wazi au umefungwa. Sharti hilo linafaa odisheni ya leo kama lilivyofaa ngoma ya jana. Odisheni ya kweli hufanywa mchana, mahali penye watu, na mwenye kuiandaa haoni tabu msichana akija na mama yake. Yule anayesema njoo peke yako amekwisha kujieleza.

Kuna jambo jingine katika maandishi ya Lupita lililonigusa zaidi, nalo ni kimya chake. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, mwenye wazazi wasomi, katika chuo ambacho dunia inakiheshimu, na bado alikaa miaka sita bila kulisema hadharani. Alidhani ni yeye pekee. Alijilaumu. Kama huyo alinyamaza, fikiri msichana wa miaka kumi na minane kutoka Kikoneni, ambaye mjomba wake amemwambia akienda asirudi. Akipatwa na jambo atamwambia nani? Akipiga simu nyumbani atajibiwa kuwa alionywa. Basi hatapiga. Na mwenye kumtaka vibaya atalijua hilo mapema, kwa maana swali la kwanza la watu wa namna hiyo ni: kwenu wanajua uko hapa?

Ndiyo maana nasema lile neno la mjomba, "asirudi," lina hatari kubwa kuliko kamera yoyote, ingawa limetoka katika kinywa cha mtu anayempenda. Lifutwe. Lifutwe mbele ya binti mwenyewe, alisikie. Kisha wewe mama umpe ahadi moja, na uitimize: akikupigia saa yoyote ya usiku kwamba anataka kutoka mahali alipo, utamtafutia usafiri kwanza na hutauliza lolote mpaka afike. Maswali yangoje asubuhi. Ikiwa wewe huna simu yenye chaji kila wakati, awepo mtu mmoja wa karibu, shangazi wa Ukunda, jirani aliye Likoni, ambaye amekubali kubeba jukumu hilo na anajua amelibeba. Binti pia ashike kichwani namba 1195, simu ya bure ya kuripoti dhuluma za kijinsia nchini. Na ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamshtaki mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kwa matakwa ya kimwili huku akijua hatakiwi. Prodyuza naye ana mamlaka.

Kuhusu njia aliyopita Lupita sitasema mengi, ila yapo ya kumwambia mwanao asije akadhani ni jambo la siku moja. Alizaliwa Mexico mwaka 1983, baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, akifundisha huko, akalelewa Kenya. Akiwa na miaka 14 alicheza Juliet katika jukwaa la Phoenix Players, Nairobi. Filamu ya The Constant Gardener iliporekodiwa Kenya, yeye alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa nyuma ya kamera, wale wa kutumwatumwa. Mwaka 2009 aliigiza katika Shuga, tamthilia ya kuwazindua vijana kuhusu UKIMWI, na mwaka huo huo akatoa filamu aliyoiongoza mwenyewe, In My Genes, juu ya maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Akamaliza Yale mwaka 2012. Kutoka Juliet hadi Oscar ni zaidi ya miaka kumi na tano.

Najua utasema huyo ni mtoto wa profesa, na Kikoneni tuna mikorosho na minazi, hatuna Yale. Ni kweli, na sitaki kulifunika. Mwenye kwao kuzuri akianguka huangukia godoro. Mwanao akianguka ataanguka chini. Ndiyo sababu yeye ahitaji subira zaidi ya Lupita, asikate masomo kwa ajili ya kuigiza. Kama kuna basari ya kaunti, kama kuna chuo cha kumpa ufundi wowote mkononi, ushonaji, upishi, uhasibu, aushike kwanza au aushike sambamba. Msichana mwenye riziki nyingine anaweza kusema hapana. Asiye nayo, hapana yake hukwama kooni. Na asidharau kazi za nyuma ya kamera. Kushona mavazi ya waigizaji, kupaka vipodozi, kuandika mazungumzo kwa Kiswahili chetu kizuri, hizo ni kazi, na ndizo zinazomfunza mtu nani ni mwaminifu na nani si mwaminifu katika mji huo kabla hajajitia mikononi mwao.

Niseme na la mkorogo, kwa kuwa nimeliona kwa mabinti wengi wanaotaka runinga. Wanaanza kujichubua kabla hata hawajaitwa popote, wakiamini kamera inapenda weupe. Februari 2014, siku chache kabla ya Oscar, Lupita alisimama mbele ya wanawake wenzake wa filamu huko Hollywood akakiri kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke na ngozi nyeupe. Akaeleza pia habari ya msichana aliyemwandikia kwamba alikuwa karibu kununua dawa ya kujichubua mpaka alipomwona yeye. Mwaka 2019 akaandika kitabu cha watoto, Sulwe, juu ya jambo hilo hilo. Mpe mwanao habari hii. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo huharibu figo, na ngozi iliyochomwa hairudi. Mtu akimwambia abadilishe rangi ndipo apate nafasi, hiyo nafasi aiache.

Sasa liko ambalo nadhani ndilo linalomsumbua mjomba kwa siri: watu watasema nini. Binti atapewa nafasi ya mwanamke mwizi wa waume, au ya msichana mlevi, na kesho yake watu wa Kikoneni wataanza kumwita kwa jina hilo. Hapa ninawageukia majirani, maana mama peke yake hawezi kulibeba.

Kwa miaka mingi Wakenya walitazama kipindi cha Vitimbi na wakaamini Mzee Ojwang na Mama Kayai ni mume na mke. Benson Wanjau na Mary Khavere, waliowaigiza, hawakuwa mume na mke. Kila mmoja alikuwa na maisha yake. Walifanya kazi yao vizuri mno hata tukasahau. Mwanaasha Johari katika tamthilia ya Sultana alicheza msichana asiyeona, naye anaona. Yasmin Said, aliyeanza kuonekana Citizen TV mwaka 2019 kama Maria, si Maria. Tunayajua haya kabisa, lakini akija mtoto wa jirani tunajifanya hatujui. Tunamtazama usiku, tunacheka na kulia naye, kisha asubuhi kisimani tunamsengenya kwa matendo ambayo hakuyatenda. Hiyo ni dhuluma ya ulimi, na ulimi unaulizwa. Anayecheza mwizi hajaiba. Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa, na siku hizi wengi wetu tuko tayari kumtunza wa mbali na kumchoma wa kwetu.

Na binti naye ana wajibu upande huu. Aijue mipaka yake kabla hajapewa karatasi yoyote, aikate mwenyewe kwa dini yake na malezi yake: mavazi gani atavaa na yapi hatavaa, kama atakubali kushikwa, kama atakubali onyesho la chumbani. Aisome hadithi yote mpaka mwisho ndipo atie sahihi. Mipaka ikitajwa mwanzoni, mwongozaji wa haki ataiheshimu au atatafuta mwingine, na hakuna aliyeumia. Ikitajwa siku ya kurekodi, watu thelathini wamesimama, taa zimewashwa, pesa zinakwenda, msichana atalazimika. Nimeona mabinti wenye imani thabiti wakijikuta wamefanya wasilolitaka kwa sababu tu waliona haya kusema mapema.

Pesa nitazipitia haraka. Mkataba uwe wa maandishi; kwa ajira ya miezi mitatu au zaidi Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inautaka hivyo. Asilipe chochote ili apewe kazi. Malipo yaingie kwenye akaunti au simu yake mwenyewe, si ya "meneja." Na ajiwekee akiba tangu malipo ya kwanza, hata yakiwa kidogo. Mzee Ojwang alitufurahisha miongo kadhaa, na macho yalipomsumbua uzeeni ilibidi wananchi wachangishane kumtibu. Alifariki Julai 2015. Nchi ilimlilia sana, na vilio vile havikumpa pensheni.

Sasa twende kwa mjomba, mayo. Usimwendee na hoja za haki za vijana, atazikataa. Mwendee na habari za Siti binti Saad. Alitoka Fumba, Unguja, kwa watu wa chini kabisa, mtoto wa kuuza vyungu, akaingia mjini akiimba. Alisengenywa kwa umaskini wake na kwa sura yake. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi, na sauti yake ikaenea mwambao wote. Na aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert wa Tanga, hapo ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, mwandishi ambaye kazi zake karibu zote ni za adili na maonyo mema. Mtu huyo alitazama maisha ya mwanamke wa jukwaani akaona yanafaa kuandikwa ili vizazi visome. Mjomba akikubali kwamba Shaaban Robert hakuwa mtu wa kusifu uchafu, mtakuwa mmefika mahali pa kuzungumza.

Kisha mwombe jambo ambalo sidhani ameombwa na yeyote. Mwombe ampeleke yeye. Odisheni ikipatikana, mjomba avae kanzu yake au shati lake la Ijumaa, wapande matatu pamoja hadi Ukunda au wavuke Likoni, aingie naye mpaka ndani, aketi kiti cha nyuma. Aulize kampuni imesajiliwa kwa jina gani, ofisi iko wapi, kibali cha kurekodi filamu kinaonekana wapi, wasichana watalala wapi wakichelewa na ni nani mwanamke mtu mzima anayekaa nao. Majibu yakiwa ya kubabaika, ainuke, amshike mwanawe mkono, warudi Kikoneni siku hiyo hiyo, na binti atakubali kurudi kwa sababu ameyasikia majibu kwa masikio yake. Yakiwa ya haki, amwache aigize, angoje nje mpaka amalize.

Kama mjomba atakataa hata hilo, nenda wewe. Lakini mwombe yeye kwanza, na umwombe kabla wiki haijaisha, maana lile sanduku halitangoja.